Vidole vya Chokaa

Waungwana mlioketi, mabwana kwa mabibi, assalamu alaykum.

Kabla hatujapangiana zamu za kuchoma majani, na kabla mtu hajakigusa kibiriti, naomba masikio yenu kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa. Kila mwaka, siku kama ya leo, mimi husimama hapa Baleni na daftari hili. Wenyeji wamekwisha kulizoea. Wageni huenda wakastaajabu kumwona mwalimu wa shule akisoma aibu yake kwa sauti, wala hakuna hakimu aliyemwamuru. Yuko aliyeniamuru, na sharti lake mtalisikia litakapofika. Haya niliyaandika kiangazi cha mwaka 1934, nilipokuwa na miaka ishirini na tisa na yakini ya mambo mengi. Sikubadili neno. Penye majivuno nimeyaacha yalivyo, kwa kuwa nikiyafuta nitakuwa nimejitetea.

Ijumaa, 3 Agosti. Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, amefika kutoka bara, na baada ya kukagua shule aliniomba nimsindikize Jangwani. Uwanda huu wa mchanga mkavu, baina yetu na Miburani, hauna kisima wala kivuli ila cha mikoche mitatu. Majani yake huota mafungu mafungu, na baina ya fungu na fungu ni mchanga mtupu unaounguza nyayo. Wengi wetu huuona kuwa ardhi isiyo na faida. Bwana Shauri alitoa darubini akatazama kwa muda mrefu, kisha akanionyesha chekeamwezi: ndege wa miguu mirefu na macho makubwa ya manjano, anayetaga mchangani bila kujenga chochote. Alisema kwamba pwani yote ya bara, kila nyanda zinapolimwa, ndege huyu anatoweka. Wapo wanaoomba Jangwani igawanywe viwanja vya minazi. Nikimpa hesabu ya viota iliyo thabiti, ataweza kuwatetea ndege na uwanda wao. Nimekubali kwa furaha. Hatimaye elimu yangu imepata kazi ya kufanya nje ya ubao.

Jumapili, 5 Agosti. Nimekwenda kwa Mzee Matano, mchunga ng'ombe, ambaye ameikanyaga Jangwani kwa miaka hamsini.

"Shikamoo, Mzee Matano."

"Marahaba, Mwalimu. Leo shule imehamia kwa ng'ombe?"

Nikamweleza haja yangu, nikamwuliza viota viko wapi.

"Mimi nimeona mawe," akasema.

"Sikuuliza mawe, mzee wangu. Nimeuliza viota."

Bi Kidawa, mkewe, alikuwa anasuka ukili mlangoni. Akacheka hadi ukili ukamtoka mkononi. "Masikini! Kasoma mpaka Unguja, na jiwe halijui!"

Mzee akanifahamisha. Mtu akiliona yai la chekeamwezi hanyooshi kidole wala hasemi ameona yai. Husema, "Nimeona jiwe," akataja upande tu: kaskazini, kusini, au penginepo. Yai lililonyooshewa kidole huharibika. Upande ukishatajwa, ng'ombe hawapelekwi huko mpaka vuli, na wachomaji majani huuacha.

"Lakini yai liko wapi hasa?" nikamwuliza.

"Hasa ya nini? Unataka kulikalia?"

"Nataka hesabu."

"Hesabu," akarudia, akamtazama mkewe. "Kidawa, mpe Mwalimu maji. Jua kali."

Nimeyaandika haya kama mfano wa ujinga unaopendeza. Kidole hakiozeshi yai. Kazi hii nitaifanya kwa njia ya kisasa.

Jumapili, 12 Agosti. Siku nne za kutembea mistari iliyonyooka, kutoka alfajiri hadi jua linapokuwa kali. Viota kumi na kimoja! Kwa kila kiota nimechomeka kigingi kirefu cha mti, kimepakwa chokaa ili kionekane kwa mbali, nikakiandika namba. Nikisimama chini ya mkoche ninaviona vyote kama safu za askari. Nimeichora ramani pia. Thuwaiba, mke wangu, ameitazama akasema, "Nzuri. Sasa hata kipofu atawapata." Nimemwambia ndiyo maana yake: mtu akijua kiota kilipo hatakikanyaga.

15 Agosti. Upepo. Shule. Hakuna jipya.

Jumatatu, 20 Agosti. Nimekagua. Kunguru wawili walikuwa wamekaa juu ya kigingi namba tatu, wametulia kama wasimamizi wa kazi. Wamenichekesha.

Ijumaa, 24 Agosti. Namba tatu ni tupu. Hakuna hata ganda.

28 Agosti. Namba moja na namba nne, tupu.

Jumapili, 2 Septemba. Viota vitatu vimekwisha. Zaidi ya hayo, vigingi namba saba, tisa na kumi, vyote vya upande wa kaskazini, vimeng'olewa na kutupwa mbali, na mchanga umesawazishwa hata sikuweza kupajua mahali. Kuna nyayo za makubadhi, na kubadhi la kushoto limekatika kisigino. Mwenye kubadhi hilo namjua, na kila mtu anamjua.

Nilimkuta akinywesha ng'ombe.

"Mzee Matano, nani amegusa vigingi vyangu?"

"Mimi." Hakuinua hata kichwa.

"Kwa nini?"

"Kunguru, Mwalimu. Wanakaa juu, wanatazama chini. Mama akiondoka kidogo tu, basi."

Nikacheka, tena kwa kusudi wachungaji wenzake wasikie. "Kumbe kunguru wa Baleni wanajua kusoma namba!"

"Hana haja ya namba," akanijibu. "Umemwekea kiti."

Watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Nimerudi nyumbani uso unaniwaka. Naandika nikiwa na hakika: anayeficha alama ndiye anayekula mayai, na hadithi ya kunguru ni ya kunipumbaza. Bwana Shauri anangoja hesabu, na mzee huyu anainyofoa mbele ya macho yangu.

4 Septemba. Namba sita, tupu.

Ijumaa, 7 Septemba. Namba mbili na namba nane pia. Baada ya sala nilimwendea Khatibu Shamte nikamwomba isomwe Halbadiri juu ya mwenye kuangamiza viota vya Jangwani.

Khatibu alivuta tasbihi. "Kwa mayai ya ndege, Mwalimu?"

"Kwa viumbe wa Mungu wasio na mtetezi, Khatibu. Na kwa uwanda ambao utagawanywa wakitoweka."

"Unaijua Halbadiri? Hii si barua ya kushitaki. Ikishatoka hairudishwi. Mwenye kuiomba huwa na yakini kwamba mkosa si yeye."

"Ninayo yakini."

"Umemwuliza aliye na yakini kuliko wewe?"

Nilimjibu kwa maneno mazuri mno, na ninakumbuka kuwa niliyafurahia nilipokuwa nikiyasema. Ni mimi, niliyekicheka kidole kisichonyooshwa, niliyekwenda kunyoosha kidole mbinguni.

Waungwana, sentensi hiyo ya mwisho niliiongeza pembeni kwa wino mwingine, miezi miwili baadaye. Ndiyo nyongeza pekee. Naendelea.

Jumamosi, 8 Septemba. Imesomwa baada ya Alasiri, msikiti umejaa, ubani umetanda. Sikutaja jina. Nilisema tu, "Mwenye makubadhi yaliyokatika, Mungu anamjua." Thuwaiba alipopata habari aliweka sinia chini. "Umemtaja bila kumtaja," akasema, "ili akijitetea aonekane amejitaja mwenyewe. Hongera, Mwalimu."

Mzee Matano alikuwapo msikitini, safu ya pili. Aliitikia amina.

Alhamisi, 13 Septemba. Mzee Matano ameanguka akiwa kisimani. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekufa, na sauti haitoki. Baleni nzima ina neno moja: Badiri imempata. Kombo, mkubwa wa wachomaji majani, alinishika mkono sokoni akaniambia, "Mwalimu, wewe si wa kuchezewa." Sikuutoa mkono wangu mkononi mwake. Nayaandika haya ili niyaone: mtu ameanguka, na jambo la kwanza lililoingia moyoni mwangu lilikuwa raha ya kuwa nimesadikiwa.

15 Septemba. Hapana aliyekwenda kumjulia hali. Aliyepigwa na Badiri hatembelewi.

17 Septemba. Watoto shuleni wanapindisha midomo na kuchekana. Nimewakanya, lakini si kwa ukali.

19 Septemba. Namba tano, tupu. Mzee Matano amelala kitandani siku ya sita.

Nimeyaandika maneno haya mawili mstari mmoja, kisha nikayatazama kwa muda mrefu. Kama mwizi amelala, nani amekula?

Jumamosi, 22 Septemba. Kimebaki kigingi kimoja chenye mayai, namba kumi na moja. Leo nimekwenda nikalala kifudifudi chini ya mkoche wa mwisho, nimejifunika mkeka, nikangoja tangu saa moja.

Saa tatu akaja kunguru mmoja. Hakutafuta, wala hakuzunguka. Alitoka namba tano akaenda namba nane, akatoka namba nane akaenda namba sita, kituo kwa kituo, kama mtu anayepita nyumba anazozijua, akitua kwa muda mfupi na kuchungulia mguuni pa kigingi. Akafika namba kumi na moja, akakaa. Chekeamwezi alikuwa juu ya mayai yake, amejibana mchangani hata ungemdhania kuwa sehemu ya mchanga. Angekuwa salama mbele ya kiumbe chochote kinachotafuta. Lakini huyu hakuwa anatafuta. Alikuwa amepelekwa. Kunguru wa pili akashuka mbele yake, ndege akanyanyuka kumfukuza, na wa kwanza akateremka kutoka kitini pake. Nilisema kitini. Hilo ndilo neno la Mzee Matano.

Nilipiga kelele, nikakimbia, nikatupa mkeka. Nilifika nikakuta unyevu wa ute mchangani, na ndege akitembea huku na huko karibu yangu bila kuniogopa, kana kwamba mimi si kitu tena cha kuogopwa.

Nikauendea upande wa kaskazini, mahali palipokuwa na namba saba, tisa na kumi, vigingi alivyong'oa Mzee Matano. Nilitembea polepole nikitazama kila hatua. Kwanza sikuona ila mawe. Kisha jiwe moja likapepesa jicho la manjano. Makinda mawili. Hatua sitini mbele, mawili mengine. Kisha mawili tena. Hayakukimbia. Kinda la chekeamwezi likiogopa hulala likawa jiwe, na hapo ndipo silaha yake yote ilipo.

Basi hesabu ni hii, Bwana Shauri: viota kumi na kimoja. Vinane nimeviua mimi kwa chokaa. Vitatu amevihifadhi mtu niliyemwombea laana.

Nimeving'oa vigingi vyote, nimevichoma jikoni. Thuwaiba aliuliza kuni hizi nyeupe zinatoka wapi. Nilizidi kuchochea moto.

23 Septemba. Sikusema.

24 Septemba. Nilifika mpaka mlango wa Khatibu. Alikuwa na wageni. Nilishukuru kwamba alikuwa na wageni.

26 Septemba. Barua ya Bwana Shauri, yenye sifa nyingi. Ameniita "mlinzi". Sikusema.

Ijumaa, 28 Septemba. Kombo ametangaza kuchoma majani Jumanne, ili vuli iyakute mapya kwa ng'ombe. Ameuliza, kama iulizwavyo kila mwaka, ni upande gani wenye mawe. Kila mwaka hujibu Mzee Matano. Nikasimama nikasema upande wa kaskazini usiguswe.

"Jiwe ameliona nani?" akauliza Kombo.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikasema, "Ni amri ya Bwana Shauri."

Watu wakaguna. "Bwana Shauri yuko bara," akasema Kombo. "Majani ya kaskazini ndiyo marefu. Tunataka mtu wa hapa."

"Mzee Matano aliona mawe," nikasema kwa sauti ndogo.

"Matano!" Kombo akacheka. "Neno la mtu aliyepigwa na Badiri? Wewe mwenyewe ndiye uliyempiga, Mwalimu. Au umesahau?"

Nikakaa chini.

30 Septemba. Thuwaiba ameniambia, "Homa yako hii si ya mwili." Amepika uji, akaujaza katika mabakuli mawili. Moja alilichukua mwenyewe mpaka kwa Bi Kidawa, mchana kweupe, kijiji kizima kikimtazama. Mke wangu ameanza kuilipia aibu ambayo hajui imetoka wapi. Au anajua.

Jumanne, 2 Oktoba. Waliwasha Adhuhuri upande wa kusini, na upepo ukausukuma moto kaskazini upesi kuliko walivyotaka. Nilikuwa darasani. Nilisikia harufu, nikaona ukutani mwanga umebadilika rangi, nikatoka mbio, na chaki ilikuwa bado mkononi mwangu.

Nilimkuta Kombo na watu ishirini. Hapo, mbele ya moshi, nikasema kila kitu. Sikuwa na ufasaha. Nilisema, "Ni mimi. Mayai wameyala kunguru, vigingi vyangu ndivyo vilivyowaonyesha. Matano aliving'oa kuwaokoa. Aliniambia nikamcheka. Kuna makinda kule. Uzimeni, kwa ajili ya Mungu."

Kombo alinikodolea macho. "Umejua tangu lini?"

"Jumamosi ya juzi. Siku kumi."

"Na Ijumaa ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akatema mate pembeni, akageuka akawapigia wenzake ukelele, wakakata matawi mabichi wakaupiga moto. Hawa niliowaona wajinga waliuzima kwa mikono yao. Tuliokoa robo tatu ya upande wa kaskazini. Majivu yalipopoa nilipita kuangalia. Makinda manne yako hai. Mawili hayakukimbia, yalifanya kama yalivyofundishwa na maumbile yao.

Nimeona mawe mawili meusi.

Ijumaa, 5 Oktoba. Nimesema tena baada ya sala, kwa mpango, nikiwa nimesimama. Kombo akauliza kwa sauti ya kila mtu, "Khatibu, basi ile Badiri imempata nani?"

Khatibu Shamte alinitazama, si kwa hasira. "Maradhi ya Matano ni maradhi, yampatayo mja yeyote," akasema. "Ya Badiri simo katika siri yake. Lakini mtu aliyelala siku kumi na ukweli kifuani, na moto unamngoja, mimi sitatafuta mwingine."

Kisha akainuka, akasema anakwenda kumjulia Matano hali. Msikiti wote ukamfuata. Mimi nikawa wa mwisho.

Bi Kidawa aliwapokea wote kwa mkeka na maji. Mimi alinizuia mlangoni.

"Wewe umekuja kuhesabu nini?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama yangu."

"Siku ishirini na mbili mume wangu amelala, hana wa kumgeuza ila mimi. Ng'ombe nimewanywesha kwa mkono huu. Radhi!" Akanitazama mpaka nikainamisha macho. "Asingalikuwa mkeo na bakuli lake, nisingalikupisha. Ingia. Anakusikia. Sauti inatoka kidogo, lakini ipo."

Mzee alikuwa ameegemezwa kwa mito. Nilipiga magoti nikamwambia shikamoo. Alichelewa. Kisha, kwa nusu ya mdomo, "Marahaba." Ningalipenda asiitikie.

Nikaeleza yote. Akasikiliza amefumba macho. Akanong'ona, na Bi Kidawa akainama kumsikia. "Anauliza: uliandika?"

"Niliandika, mzee wangu. Kila siku."

"Na ya kumcheka?"

"Na hayo."

"Na siku ulizonyamaza?"

"Na hizo."

Mzee akanong'ona tena, kwa muda mrefu. Bi Kidawa akaniambia, "Anasema radhi ya faraghani hataki, imekaa kama yai, itavunjika. Uyasome uliyoandika mbele ya watu, kila mwaka, kabla ya moto. Mpaka atakapokwambia basi."

Waungwana, hapa nalifumba daftari kidogo. Mzee Matano aliishi miaka miwili baada ya siku ile, na mara mbili aliletwa hapa kwa kitanda kunisikiliza. Hakuniambia basi. Alipofariki nilimwuliza Bi Kidawa kama aliacha neno. Akanijibu, "Aliacha ng'ombe." Kwa hiyo nasoma.

9 Oktoba. Nimempelekea Bwana Shauri hesabu ya kweli, pamoja na sababu yake, na ombi kwamba asitume vigingi wala mtu wa kuvichomeka. Huenda uwanda ukagawanywa kwa barua hii. Sikuwa na nyingine ya kuandika.

14 Oktoba. Nimemgeuza Mzee Matano kitandani. Bi Kidawa alisimama karibu asije akaanguka.

27 Oktoba. Makinda manne yameanza kuruka, chini chini. Nimeyaona kwa mbali. Sikukaribia.

3 Novemba. Bwana Shauri amejibu: viwanja vya minazi vimeahirishwa, havikufutwa. Kombo, nilipomsomea, alisema kwamba kama ni kuulinda uwanda, Baleni haikuanza leo, na kwamba yeye hahitaji ramani.

11 Novemba. Mvua ya kwanza ya vuli. Mchanga umenywa yote, haukubakisha hata kidimbwi.

18 Novemba. Sehemu iliyoungua imechipua.

Jumatatu, 26 Novemba. Nilipitia Jangwani asubuhi, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Matano, mikono nimeifunga nyuma njia nzima. Bi Kidawa alikuwa anamlisha uji. Wote wawili wakanitazama.

"Una nini, Mwalimu?" akauliza Bi Kidawa.

Nikasema, "Leo nimeona jiwe. Upande ulioungua."